Chaki na karatasi: wakimbizi waliosomea ualimu

Mwaka jana mwezi wa tisa, binti mmoja wa kundi letu la vijana hapa Gasenyi aliniuliza, "Kaka, niombe nafasi ya kusomea ualimu, ao niache?" Nilikuwa napanga viti, mvua inakuja, nikamjibu bila kumuangalia: "Ualimu ni wa watu wenye nchi." Alicheka kidogo, akanisaidia viti vilivyobaki, akaenda. Wiki mbili baadaye nikasikia anasuka nywele sokoni.

Mimi si mwalimu. Ni kijana ninayeshughulika na vijana: mpira, maigizo, masomo ya jioni kwa watoto wa katiye. Nilimaliza sekondari katika shule ya kampi, programu ya Congo, sehemu ya pedagojia. Nikasimama hapo. Jibu nililompa binti yule lilitoka ndani ya kidonda changu, na ndugu msomaji utaona chini kwamba halikuwa hata jibu la swali lake. Lakini lilinisumbua mpaka nikaanza kuuliza wazee na kusoma kila kitu nilichokipata: je, ni kweli? Watu wasio na nchi hawajawahi kusomea ualimu?

Kumbe wamesoma sana. Hata nathubutu kusema shule za nchi zetu hizi zimebebwa na wakimbizi zaidi ya vile vitabu vya historia vinavyokubali.

Nianzie kwetu Congo. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 kwa nchi nzima. Chuo cha Lovanium, Léopoldville, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Wabelgiji walipoanza kuondoka, shule za sekondari zikabaki na madawati na ubao. Nani afundishe? Serikali na UNESCO wakaanzisha Institut Pédagogique National, Kinshasa, mwaka 1961, ili kutengeneza walimu wa sekondari haraka. Lakini mwalimu hachipuki kama uyoga, kwa hiyo wakati wanasubiri waliita watu wa mbali. Walikuja walimu kutoka Haiti, wengi wao wakikimbia utawala wa Duvalier. Na huku kwetu mashariki, Kivu, walikuwepo Wanyarwanda waliokimbia kwao kuanzia mwaka 1959. Waliokuwa wamesoma kidogo kati yao walishika chaki. Baba yangu mdogo, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa D6 upande wa Fizi, alikuwa akisema kwamba mwalimu wake wa kwanza wa hesabu alikuwa mkimbizi, na kwamba hakuna aliyemuomba karatasi. Darasa lilikuwa tupu, mtu alijua hesabu, basi.

Kwa wasomaji wetu wa mashirika ambao hawajakulia kwenye mambo haya, nieleze kidogo hizo D. Congo na Burundi zote ziliwapima walimu kwa miaka waliyokaa shuleni baada ya shule ya msingi. D4 ni aliyesoma minne, D6 ni sita, na Burundi wanayo pia D7 ya shule za ualimu. Huyo anafundisha shule ya msingi. Anayetaka kufundisha sekondari anapanda chuo. Congo, kwa miaka mingi, njia ilikuwa Institut Supérieur Pédagogique, ile tunayoita ISP tu: miaka mitatu unapata gradua, yaani G3, kisha miwili tena unapata lisansi, L2. Siku hizi wanabadilisha kwenda mtindo wa LMD, na Burundi nayo ilishaingia mtindo wa namna hiyo. Ukisikia mama wa Uvira anasema "mtoto wangu ana G3 ya ISP", elewa kwamba ng'ombe zimeuzwa hapo.

Sasa Burundi. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru. Katika miaka hiyohiyo ya 60 ilikuwepo École Normale Supérieure, ENS, kwa ajili ya walimu wa sekondari. Mwaka 1973 ENS ikaunganishwa ndani ya chuo kikuu, na mwaka 1977 chuo kikachukua jina lake la leo, Université du Burundi.

Ukitazama tarehe hizo utaona shimo katikati. Mwaka 1972. Warundi wanauita ikiza. Sitaandika mengi, wenye maumivu hayo wako hai na tunakaa nao nyumba kwa nyumba. Nitasema tu kile kinachogusa habari yetu: kati ya waliouawa mwaka ule, waliosoma walikuwa wengi kupita kiasi. Walimu, wanafunzi wa chuo, wanafunzi wa sekondari na wa shule za ualimu. Na waliopona wakakimbia: Tanzania, Rwanda, Zaire.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Muramvya aliyekuwa ameanza masomo ya ualimu. Alikimbilia Rwanda. Akamalizia sekondari Groupe Scolaire ya Butare, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, akasoma elimu, yaani sayansi ya kufundisha. Akafundisha kwa muda hukohuko ukimbizini. Mwaka 1983 akarudi Burundi. Jina lake Melchior Ndadaye. Mwezi wa sita mwaka 1993 alichaguliwa kuwa rais, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo akauawa.

Watu wanamjua Ndadaye kama rais. Mimi kilichonishika ni ile sehemu ambayo wanaipita haraka: mkimbizi wa miaka 19 hivi, shule imekatika, nchi ya jirani ikamruhusu aingie darasani na baadaye chuoni. Sijui kama kuna mtu alimwambia ualimu ni wa watu wenye nchi. Kama aliambiwa, hakusikia. Naye hakuwa peke yake. Warundi waliosoma walifundisha sana katika shule za sekondari za Rwanda miaka ile ya 70 na 80, kama vile Wanyarwanda waliokimbia walivyofundisha Burundi na Zaire. Ebu fikiria: kila nchi inafukuza walimu wake, kisha inaajiri walimu waliofukuzwa na jirani.

Hapa Gasenyi, chini kidogo ya njia inayopanda kwenye ikulu waliyoijenga Wachina, anakaa mzee mmoja ambaye namuita Babu ingawa si wa ukoo wetu. Ni Mrundi. Mwaka 1972 alikuwa mtoto, wazazi wakamvusha kwenda Tanzania, akakulia Ulyankulu, mkoa wa Tabora. Nilipomuambia naandika habari hii alileta kiti cha pili mwenyewe, na hilo si jambo dogo kwa mtu wa magoti yake.

"Sisi," akasema, "tulisoma ya Watanzania. Kiswahili toka la kwanza mpaka la saba. Hatukufundishwa kama wageni."

Hilo ni kweli, na ni jambo kubwa katika historia hii. Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo hayakuwa kampi kama za sasa. Watu walipewa ardhi, wakalima, na watoto wakasoma mtaala wa nchi iliyowapokea. Tena walikuta Tanzania ikiwa katika moto wake wa elimu. Nyerere alikuwa mwalimu wa kweli, si jina la heshima tu: alipata diploma ya ualimu Makerere, akafundisha Tabora, na baadaye Pugu. Mwaka 1974 chama chake kilikutana Musoma kikaamua watoto wote waingie shule ya msingi haraka. Walimu hawakutosha hata robo ya njia. Wakachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakawapa masomo huku wanafundisha: wiki hii unafundisha na kusoma jioni, baadaye unaenda chuo kwa muda mfupi, unafanya mtihani. Makumi ya maelfu walipita hapo. Watu wakawadharau, wakawaita "walimu wa UPE", hata leo neno hilo linachoma. Lakini Babu anasema waliomfundisha kusoma ni hao.

"Aliyekufundisha A," akaniambia, "unamuuliza diploma ya nini?"

Nikamuuliza yeye mwenyewe. Akanyamaza. Kumbe Babu naye alifundisha huko Ulyankulu, miaka mingi. Alirudi Burundi katika lile wimbi lililoanza 2008, wakati Tanzania ilipowapa watu wa 1972 nafasi ya kuchagua: kuchukua uraia ao kurudi. Walio wengi, kama 162,000, walipewa uraia. Yeye alitamani kufa kwao. Akafika na cheti cha Kiswahili katika nchi ambayo shule zinaendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa. Hakufundisha tena. Wajukuu wake, wanaojua Kiswahili kizuri kuliko mimi, walirudishwa madarasa ya chini ju ya Kifaransa.

Wakimbizi wa vita iliyoanza 1993 walipelekwa njia nyingine. Waliofika kampi za Kigoma walisoma mtaala wa Burundi, na Wakongomani wa Nyarugusu mtaala wa Congo. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: watu hawa watarudi, basi wasome ya kwao. Na kweli, mtoto wa Mtabila aliyerudi hakuanza upya kama wajukuu wa Babu. Lakini kampi zikakaa. Nyarugusu ipo toka 1996. Mtoto aliyezaliwa hapo amesomea nchi ambayo hajaiona, kwa walimu ambao wengi wao ni watu wa kampi waliomaliza sekondari tu, na akimaliza anakuta chuo kilicho karibu kinaomba karatasi ya nchi nyingine.

Hapo ndipo mimi nilipo. Nilifaulu Ekzeta. Diploma yenyewe ya Congo, kama mnavyojua, huchelewa miaka, unapewa kwanza karatasi ya muda. Nilibeba karatasi hiyo mpaka biro moja hapa mjini kuomba ekivalansi, ili diploma yangu itambulike kama ya hapa. Mhudumu aliitazama mbele na nyuma. Akasema anataka ya asili. Nikasema ya asili haijatoka. Akasema basi nirudi nchini kwangu kuitafuta. Nilikuwa na kitambulisho cha mkimbizi mkononi, na kitambulisho hicho maana yake ni kwamba siwezi kurudi. Sikumchukia, alikuwa anafuata orodha yake. Nilirudi kwa mguu mpaka Gasenyi kuokoa pesa ya basi, na tangu siku hiyo nikawa na ile sentensi yangu tayari mdomoni kwa yeyote atakayeniuliza.

Mama jirani, Mfuliru wa upande wa Uvira, anafundisha watoto 11 nyuma ya nyumba yake kila asubuhi ya siku ya posho. Yeye alifundisha miaka 14 Congo. Nilipomsimulia alisema: "Mutoto yangu, mwalimu ni mwalimu hata bila karatasi. Lakini mushahara yeye inajua kusoma karatasi tu."

Nilitafuta sheria inasemaje. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 una kifungu cha 22. Sehemu ya kwanza, kila mtu anaitaja: mkimbizi apate shule ya msingi sawa na mwenyeji. Sehemu ya pili haitajwi sana kwenye mikutano. Inasema kwa elimu ya juu ya msingi nchi imtendee mkimbizi vizuri kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote si chini ya mgeni mwingine, na inataja kwa jina kutambua vyeti na diploma za nje, kupunguza ada, na kutoa basi za masomo, yaani burse. Mwaka 1951! Bibi yangu hakuwa ameolewa. Nchi za Afrika nazo zilikubaliana Arusha mwaka 1981 kutambua diploma za wenzao, na mkataba huo ukafanywa upya Addis Ababa mwaka 2014. Na mkataba wa UNESCO wa dunia nzima wa 2019, ulioanza kufanya kazi Machi 2023, unasema wazi kwamba lazima kuwe na njia ya kupima masomo ya mkimbizi hata kama hana karatasi. Zambia walishajaribu hilo: mwaka 2019 mamlaka yao ya vyeti pamoja na UNESCO waliwakalisha wakimbizi, wakawauliza, wakatazama kilichopo, wakawapa hati ya kuonyesha wamesoma nini. Kwa hiyo inawezekana. Haikufanywa Ulaya, ni hapo tu chini ya Tanganyika.

Sasa nirudi kwa njia ya UPE, kwa sababu nilipokuwa nasoma niliiona tena mahali sikutegemea. Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya, kampi za Wasomali toka 1991. Shule zilikuwa zimejaa walimu kama mimi ningekuwa: wamemaliza sekondari kampini, wakasimama mbele ya watoto bila mafunzo. Mwaka 2013 vyuo vikuu vinne, York na British Columbia vya Canada, Kenyatta na Moi vya Kenya, vikaanzisha mpango unaoitwa BHER. Badala ya kumtoa mwalimu kampini, wakapeleka chuo Dadaab. Kituo cha masomo kikajengwa hapo, wahadhiri wengine wanakuja wakati wa likizo, wengine wanafundisha kwa intaneti. Kabla ya yote kuna masomo ya kujiandaa, Kiingereza na kompyuta, ili mtu asianguke mlangoni. Kisha ngazi: cheti, diploma, digrii. Mwalimu anafundisha asubuhi, anasoma jioni ao likizoni. Na ukiishia kwenye ngazi ya kwanza ju ya maisha, ngazi hiyo ni yako, ina karatasi ya chuo kikuu.

Kitu hicho cha ngazi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Njia yetu ya kawaida ni ukuta: una lisansi ao huna. Mtu akikimbia katika mwaka wa pili wa G3, ile miaka miwili inaungua na nyumba.

Wasiwasi ninao. Mipango kama hii inaishi kwa pesa ya wafadhili, na mfadhili ana kalenda yake. Burse ya DAFI, ile inayotolewa kwa msaada wa Ujerumani kupitia UNHCR, ipo toka 1992 na imesomesha maelfu, lakini waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Mwaka 2019 UNHCR ilisema wakimbizi walioko elimu ya juu ni asilimia 3, na lengo ni asilimia 15 ifikapo 2030. Mwenye shirika anayesoma hapa anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Ninachomuomba ni kwamba ndani ya asilimia hizo ahesabu walimu peke yao, kwa sababu mwalimu mmoja kampini ni watoto 80 kwa mwaka.

Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, tumeona watu wanavuka Ruzizi kwa maelfu, wakajaa uwanja wa Rugombo, kisha wakapelekwa Musenyi. Nilienda Rugombo na kundi letu kucheza na watoto. Kila tulipouliza nani anaweza kutusaidia kutuliza watoto, walijitokeza walewale: walimu. Utawajua kwa sauti. Mmoja alikuwa na chaki mfukoni, ameivusha maji.

Burundi yenyewe imeshapita kipindi cha madarasa bila walimu. Vita ya 1993 ilimaliza watu shuleni, na mwaka 1999, vita ikiwa haijaisha, ENS ikaanzishwa tena kama shule inayojitegemea ili itoe walimu wa sekondari. Mwaka huohuo Rwanda, baada ya mauaji yao ya 1994, ilifungua Kigali Institute of Education kwa sababu ileile. Kwa hiyo ENS ya leo, pamoja na Institut de Pédagogie Appliquée iliyo ndani ya chuo kikuu, ndiyo milango ambayo kijana wa Bujumbura anaitazama akitaka kufundisha sekondari.

Na hapo ndipo nilipogundua ubaya wa jibu langu. Binti yule hakusoma kampini. Ni mkimbizi wa mjini, amekaa darasa moja na Warundi toka la kwanza, kwa Kirundi na Kifaransa, na mtihani alioufanya ni wa hapa. Diploma yake ni ya Burundi. Haihitaji ekivalansi ya mtu yeyote! Yeye yuko upande wa Ndadaye aliyesoma Butare, upande wa Babu alipokuwa Ulyankulu. Mimi niko upande wa Nyarugusu. Nilimjibu kwa karatasi yangu, na yeye aliniuliza habari ya karatasi yake.

Yaliyobaki mbele yake si madogo: ada, chakula, na baadaye kazi, maana ajira ya serikali huomba uraia, na mkimbizi hubaki na shule za binafsi na za kampi. Sitamdanganya juu ya hilo.

Nilimfuata sokoni siku ya alhamisi. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, akaniambia nisubiri. Nikasubiri saa nzima na nusu kwenye benchi, nikamwambia, "Dada, lile jibu langu la mwaka jana lilikuwa kosa." Mteja akacheka kuliko sisi wote. Yeye akauliza tu wanaomba nini kwenye dosiye. Tukaandika nyuma ya pakiti ya nywele: barua, kopi ya diploma, matokeo ya mtihani, kitambulisho cha mkimbizi, picha mbili. Picha bado hana. Jumatatu tunaenda kupiga.